Uzi Usioyeyuka

Nzuki na shemeji yake Otiende hawakuwa wamesemezana tangu siku ya posa. Nyumba zao katika mtaa wa Ziwani, Nairobi, zilitazamana mlango kwa mlango, walichota maji kwenye mfereji mmoja, na kila Jumapili baada ya kanisa walikula meza moja, kwa sababu Mbeti, dada yake Nzuki na mke wa Otiende, alisema hawezi kupika mara mbili kwa ajili ya ujinga wa wanaume wawili. Lakini neno halikupita kati yao. Lililohitaji kusemwa lilipitia kwa Mbeti.

"Mwambie mumeo anipe chumvi," Nzuki angesema.

"Mwambie kaka yako iko mbele yake," Otiende angejibu.

Mbeti aliwafikishia ujumbe wote wawili kwa sauti ileile, kama karani wa mahakama, kisha akaendelea kula.

Chanzo kilikuwa muthokoi. Siku Otiende alipofika Machakos na wazee wake kuposa, mama yake Nzuki alikuwa ametwanga mahindi tangu alfajiri, akayakoboa, akayapika na maharagwe na kuyakaanga kwa samli. Otiende alikula sahani nzima. Akaongezwa, akamaliza. Akafuta mdomo, akamshukuru mama kwa heshima zote, kisha akauliza kama ugali ulikuwa karibu kuiva. Hakuwa na nia mbaya. Kwao, chakula kisicho na ugali ni maandalizi ya chakula. Mama mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Nzuki hakucheka, na tangu siku hiyo alimnyamazia.

Nzuki alikuwa mshonaji katika karakana ndogo ya mabuti ya kazini huko Baba Dogo, upande wa kuelekea Lucky Summer. Yalikuwa mabuti mazito, yenye kofia ya chuma kwenye vidole, yanayovaliwa na watu wa viwandani. Kazi yake ilikuwa kuunganisha: ngozi ya juu kwa ngozi ya pembeni, na zote mbili kwa soli. Watu hudhani buti la namna hiyo ni chuma na ngozi. Nzuki alikuwa na maoni yake juu ya watu hao. Chuma hukaa mahali pake kwa kuwa ngozi imekishika, na ngozi hukaa mahali pake kwa kuwa uzi umeishika. Uzi ukiachia, mtu amevaa mzigo tu. Hayo aliyasema kwa yeyote aliyeketi karibu naye, na mwishowe watu wakawa hawaketi karibu naye.

Kwa miaka mingi alishona kwa uzi wa kitani uliotoka ng'ambo, ambao aliupaka nta kabla ya kuutia kwenye sindano. Mwaka wa 1983 uzi huo ukakosekana. Kibali cha kuuagiza hakikutoka, mwezi ukapita, na mwingine. Mwenye karakana, Mzee Matheka, alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo yalikuwa "haya." Siku moja aliingia na katoni mbili, akazitua juu ya meza ya Nzuki.

"Nailoni," akasema. "Wanasema ina nguvu kuliko ule."

Nzuki hakuwa mtu wa kuamini "wanasema." Alikata kipande, akakivuta kwa mikono, kikamkata kidole kabla hakijakatika chenyewe. Akafunga uzi mmoja kwenye boriti ya paa na kuning'iniza kichwa cha cherehani kuukuu. Saa ya chai watu walikuja kukitazama. Jioni kichwa kilikuwa bado kinaning'inia, kimegeuka kidogo kuelekea dirishani. Nzuki akatangaza kwamba mjadala umekwisha.

Hakuna aliyefikiria kuweka moto chini yake. Karakana ya viatu haina moto isipokuwa wa chai.

Mabuti ya kwanza ya nailoni yalikwenda kwenye kiwanda kimoja cha kuyeyushia chuma kule Industrial Area. Ndiko alikofanya kazi Otiende, na ndiko alikofanya kazi Maingi pia. Maingi alikuwa rafiki wa Nzuki tangu utotoni. Walizaliwa kijiji kimoja na sasa waliimba besi bega kwa bega katika kwaya ya kanisa. Yeye na Otiende walikuwa jozi kazini. Chuma kilichoyeyuka hubebwa katika chombo kizito chenye mipini mirefu mbele na nyuma, wao wakikiita ndoo, na Otiende alishika mbele, Maingi nyuma.

Haikupita muda, Mbeti akavuka ua na buti la mumewe ndani ya kiondo. Alilitoa na kuliweka mbele ya kaka yake. Mshono wa ubavuni ulikuwa umeachana, upana wa vidole viwili.

"Otiende anasema uzi wako unakufa ukiguswa na cheche," Mbeti akasema.

"Mwambie uzi haufi. Uzi si kuku."

Otiende alikuwa ameketi mlangoni kwake, hatua chache kutoka hapo, akimenya muwa. Alisikia kila neno. Akamtazama mkewe. "Mwambie mimi sijui habari ya kuku. Najua cheche ikianguka juu ya mshono, unafunguka kama mdomo wa ngege aliyetolewa ziwani."

"Mwambie aache kuburuta miguu," Nzuki akasema. "Na mwambie uzi huo umebeba cherehani kutwa nzima."

"Mwambie kazini kwetu hatubebi cherehani."

Mbeti aliyarudia yote, kila neno kwa mwenyewe, kisha akaingia ndani kutazama mboga zake.

Nzuki alilichukua lile buti, akalishona upya kwa nailoni ileile, safu mbili badala ya moja, na ubishi wote alioweza kuutia kwenye sindano. Lilikuwa limependeza. Otiende aliligeuza huku na huku, akasema, "Mwambie asante," akaliweka na mwenzake chini ya kitanda. Kesho yake alikwenda kazini na mabuti yake ya zamani, yaliyoshonwa kwa kitani, yenye soli zilizolika na waya badala ya kamba.

Habari hizo zilimfikia Maingi. Jioni ya mazoezi ya kwaya alimvuta Nzuki kando. Maingi alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye tabia ya kuinama kidogo anapoongea na watu ili wasichoke shingo.

"Shemeji yako anasema haya mabuti yana kasoro."

"Umewahi kuniona nikishona kitu chenye kasoro?"

Maingi aliwaza kwa uaminifu. "Hapana."

"Basi."

"Haya basi," Maingi akasema, wakarudi kuimba.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Wawili hao walibeba ndoo hadi kwenye kalibu, yale maumbo ya mchanga ambamo chuma humiminwa kigande. Kalibu moja haikuwa imekauka vizuri. Chuma kilipogusa unyevu, kililipuka juu na kutawanyika, kikanyesha miguuni mwao wote wawili.

Juu ya mabuti ya Otiende matone yaliiunguza ngozi, yakaufanya mshono kuwa mweusi, yakaviringika chini. Kitani kilitoa moshi, kikabaki kimeshika. Juu ya buti la kushoto la Maingi tone liliangukia mshono. Nailoni haikuungua. Ilijikunja tu, ikayeyuka, na jinsi ilivyokuwa imekazwa, ikavuta na mshono uliofuata, na uliofuata. Buti likafunguka, na chuma kikaingia ndani.

Maingi hakuiachia ndoo. Otiende alikuwa mbele, ameipa mgongo, na kama mpini wa nyuma ungeanguka, chuma chote kilichobaki ndani kingemmwagikia miguuni. Maingi aliishika. Alipiga hatua, ya pili, wakaitua mahali pake. Ndipo akaketi chini juu ya mchanga na kusema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, kwamba mguu wake unaungua.

Otiende alikata kamba kwa kisu, akalivuta buti, akammwagia maji, akambeba mgongoni hadi kwenye lori. Hospitalini walimkata Maingi vidole viwili, kidogo na kinachofuata, na sehemu ya ubavu wa mguu. Mkewe, Ndindi, alipewa soksi ndani ya mfuko wa karatasi. Hakujua aifanyie nini, akakaa nayo mapajani.

Jioni hiyo Otiende alivuka ua. Hakumtuma mtu. Alibisha hodi kwa Nzuki, akaingia kabla hajakaribishwa, na kuweka buti la Maingi mezani. Mbeti alimfuata nyuma mbiombio, maana hakuona jinsi mambo yangekwenda bila yeye.

"Maingi ameungua," Otiende akasema.

"Anasema Maingi..." Mbeti akaanza.

"Nimesikia," Nzuki akasema.

Mbeti akabaki amesimama mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yake kukosa kazi pale chumbani.

Nzuki alilichukua lile buti, akaligeuza. Alikuwa anaujua mshono wake kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Pembeni mwa kila tundu kulikuwa na kishanga kidogo, kigumu, cheusi. Alikigusa kimoja kwa ukucha, kikabanduka.

Jiko lilikuwa linawaka kwa ajili ya chai. Alichomoa uzi wa nailoni kwenye mfuko wa shati, alikoutia tangu asubuhi, akaushika juu ya makaa. Haukuhitaji kufika karibu. Ulijirudi juu kuelekea mkononi mwake kama kitu kinachokimbia, ukaacha tone mwishoni. Otiende aliinama, akachomoa kwa kisu kipande cha uzi kwenye buti lake kuukuu alilokuwa amelivaa, akampa. Nzuki akakishika juu ya makaa yaleyale. Kikafuka moshi, kikawa chekundu mwishoni, kikapunguka polepole, na kilichobaki kilikuwa bado uzi. Akauvuta. Haukukatika.

"Nilipaswa kufanya hivi siku ile," Nzuki akasema.

Otiende alilisogeza buti kando. Alivuta kigoda akaketi. "Alikuwa nyuma yangu," akasema. "Angeiachia ndoo, mimi ndiye ningekuwa kule hospitalini."

Mbeti aliondoa sufuria ya maji iliyokuwa inachemka bila mtu, akawatilia majani ya chai.

Kesho yake Nzuki alikwenda hospitalini kabla ya kazi. Maingi alikuwa amelala chali, mguu umefungwa na kuinuliwa juu ya mto. Hakuweza kumwinamia mtu, na kwa ajili hiyo alionekana kama mtu mwingine.

"Ni uzi," Nzuki akasema.

"Najua. Otiende ameniambia."

"Wewe uliniuliza, mimi nikakwambia..."

"Nakumbuka ulichoniambia." Maingi alitazama dari. "Nilikuwa nimeanza kuzihisi cheche zikipenya, Nzuki. Nikasema, ah, ni miguu yangu tu. Nzuki amesema ni sawa."

Muuguzi alipita na toroli, likalia gurudumu moja.

"Kuna wenzetu bado wamevaa hayo mabuti," Maingi akasema. "Usikae hapa kunitazama. Nenda ukayatoe miguuni mwao."

Mzee Matheka alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mikono nyuma. Nzuki alimwonyesha vile vishanga, akamwonyesha nailoni juu ya moto wa chai. Alikuwa amejiandaa kubishana na hata kuacha kazi, na hotuba alikuwa nayo tayari.

"Yote yarudi," Nzuki akasema. "Yafumuliwe, yashonwe upya kwa kitani."

"Haya," Matheka akasema.

Nzuki alibaki na hotuba yake mdomoni.

"Uzi uko wapi?" Matheka akauliza.

"Hakuna."

"Haya. Tafuta." Akachukua ufunguo wa pikapu, akaenda mwenyewe kiwandani kuyachukua mabuti. Haikuwa kazi rahisi. Vijana wengi walikuwa wameyapenda, na wachache walikuwa wakiyavaa hata kanisani. Mmoja alimwambia, "Buda, hizi ndizo viatu niko nazo, nitaenda kwangu na nini?" Matheka alimtazama miguuni, akavua viatu vyake vya ngozi, akampa, akaendesha gari hadi Baba Dogo kwa soksi.

Otiende ndiye aliyekumbuka maturubai. Malori yaliyochukua mzigo pale kiwandani yalifunikwa maturubai yaliyoshonwa kwa uzi mnene wenye nta, na dereva mmoja alimwambia kwamba mshonaji wao wa zamani alikuwa Eastleigh. Jumamosi wakaondoka pamoja kwa miguu. Walitembea hadi Pumwani kimya, si kwa ugomvi bali kwa kutojua waanzie wapi.

"Mvua itanyesha," Otiende akasema mwishowe.

Nzuki alitazama juu. Hakukuwa na wingu hata moja. "Huenda," akasema.

Mshonaji, aliyeitwa Dubow, alikuwa amefariki. Mjane wake, Batulo, alikuwa na kibanda cha kuuzia majani ya chai, sukari na mikeka. Aliwasikiliza huku akipima sukari.

"Uzi wa marehemu upo," akasema. "Uko ndani ya sanduku. Mnautakia nini?"

"Mabuti," Nzuki akasema.

"Mabuti hushonwa kwa uzi wowote."

"Haya ni ya watu wanaobeba chuma kilichoyeyuka. Nilitumia uzi wowote. Rafiki yangu amekatwa vidole."

Batulo aliacha kupima. Alimtazama Nzuki, kisha Otiende, kama anayetafuta ni nani kati yao mwenye makosa, akaona wanafanana.

"Turubai la kibanda hiki limepasuka tangu Dubow afariki," akasema. "Mvua inanyesha juu ya sukari. Wote wanaokuja kuutaka uzi nawaambia washone hili kwanza, wanaondoka."

Wakalishusha turubai, wakalitandaza kando ya barabara. Lilikuwa zito kama ng'ombe. Otiende alishika mapindo kwa magoti na viganja, Nzuki akashona. Uzi wa Dubow ulikuwa mweusi, wenye nta ya kunukia asali, na ulipita kwenye kitambaa kwa sauti ambayo Nzuki hakuwa ameisikia kwa miezi mingi.

"Vuta huku," alisema.

"Nimevuta."

"Vuta tena. Unashika kama unashika mtoto."

"Shona wewe, wacha maneno," Otiende akasema. "Miaka yote hiyo kimya, kumbe ulikuwa unayaweka."

Batulo aliwaletea chai ya maziwa yenye tangawizi, akasimama kuwatazama. Walipolirudisha turubai juu na kulikaza, alipitisha kidole kwenye mshono toka mwanzo hadi mwisho. Hakusifu. Aliingia ndani, wakasikia sanduku likiburutwa.

Kazi ya kufumua ilichukua majuma. Nailoni yote waliyoitoa Matheka aliagiza iwekwe kwenye gunia, na baadaye akawauzia watu wa kushona magunia ya nafaka, ambako hakuna moto. Nzuki alishona kila buti mwenyewe. Kabla ya kulikubali, alikata ncha ya uzi na kuishika juu ya jiko, hata baada ya kujua jibu, hata wenzake walipoanza kumwambia kwamba atawamalizia makaa ya chai. Uzi wa ng'ambo ulipokuja kuruhusiwa tena, aliuchoma na huo pia. Kwa watu wa kichinjioni, ambao mabuti yao hushinda majini na damuni na kitani huwaozea, alishona kwa nailoni, lakini baada ya kwenda kusimama huko siku nzima akitazama miguu ya watu. Meneja aliuliza huyo ni nani. Akaambiwa ni mtu wa uzi.

Maingi alirudi kiwandani baada ya mavuno, ila si kwenye ndoo tena. Alipewa kazi stoo. Ndoo Otiende aliibeba na kijana mwingine, ambaye kila asubuhi alikaguliwa miguu na Otiende kabla hawajagusa mpini, jambo lililomuudhi sana.

Kwenye kwaya Maingi aliimba amesimama mahali palepale, lakini kwa muda mrefu hakugeuka upande wa Nzuki, na Nzuki hakumlazimisha. Ndindi ndiye aliyekuja Baba Dogo siku moja. Alisema mumewe hapati kiatu. Cha kulia kinamtosha, cha kushoto kinampwaya mbele na kumkata ubavuni pale penye kovu, naye anatia magazeti ndani na hasemi kitu.

Nzuki alikwenda nyumbani kwao Jumapili na karatasi na penseli. Maingi alimtazama, akavua soksi bila neno, akakanyaga karatasi. Nzuki alipiga magoti na kuchora mguu huo taratibu, akiufuata pale ulipokosa umbo. Mahali pa vidole alikosea, ikabidi afute na kuchora tena.

"Unanitekenya," Maingi akasema.

"Tulia."

Alilifanyia kazi buti hilo peke yake, saa za chakula. Akaweka mshono mbali na kovu, akaupitisha juu, na ndani akatia ngozi laini ya mbuzi. Siku alipolipeleka, Otiende na Mbeti walikuwepo, wameketi kwenye kochi pamoja na Ndindi. Maingi alivaa, akafunga kamba, akasimama. Alitembea hadi mlangoni, akatazama nje kidogo, akarudi. Alikanyaga kwa nguvu.

"Linabana," akasema.

"Wapi?"

"Hapa juu."

Nzuki alipapasa pale juu. "Litalegea ukilivaa."

Maingi aliinama kidogo ili wasemezane vizuri. "Una hakika?"

Nzuki alifungua mdomo, akaufunga. Akapiga magoti, akaanza kulegeza kamba.

"Livue," akasema. "Nitalipanua."